Ziandikeni nyumba za Mwanza, na majina ya waliokaa ndani yake

Kwenu wakuu mnaopanga jiji letu la Mwanza, mnaotoa vibali vya kujenga na kubomoa, mnaosimamia majengo ya umma, na mnaotunza mambo ya kale ya nchi hii,

Mwangaluka.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimezaliwa Mwanza mjini, katika chumba cha uani nyuma ya duka, na nimefundisha watoto wa mji huu zaidi ya miaka thelathini. Barua hii ningeweza kuileta masijala ikagongwa mhuri na kuwekwa kwenye faili. Nimeona niiandike hadharani, maana wanaohusika nayo ni wengi kuliko watakaolifungua hilo faili.

Wiki chache zilizopita nyumba niliyozaliwa imevunjwa. Nilipita Jumamosi nikakuta imezungushiwa mabati. Jumatatu kijiko kilikuwa kimeshamaliza kazi, vijana wanachambua nondo na kupanga mawe ya msingi pembeni kwa ajili ya kuuza. Muuza kahawa wa pale kona akaniambia mlango wa mbele ulitangulia kung'olewa, ukapakiwa kwenye fuso usiku, na hakuna aliyejua umepelekwa wapi. Sitautaja mtaa, wala aliyevunja. Sikuja kumshtaki mtu. Inawezekana kabisa kwamba kila karatasi ilikuwa na mhuri wake. Linaloniuma ni hilohilo: taratibu zote zinaweza kufuatwa, na bado pasiwepo popote palipoandikwa kwamba nyumba ile ilikuwepo, ilijengwa vipi, na akina nani walilala humo.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kutia sahihi kibali kingine cha kubomoa nyumba ya zamani ya mji huu, nyumba hiyo iandikwe kwanza. Ipimwe, ichorwe, ipigwe picha nje na ndani, na waandikwe watu waliokaa humo, wenye hati na wasio na hati.

Niruhusuni niwaonyeshe nyumba moja, ili muone ni nini hasa kinachopotea.

Ilikuwa nyumba ya duka. Mbele ilikuwa na baraza pana lenye nguzo nne, limeinuliwa ngazi mbili kutoka barabarani ili maji ya mvua yanayoporomoka kutoka milimani yasiingie ndani. Nyuma ya baraza lilikuwa duka, lenye mlango wa mbao nzito wa kukunja, na juu ya mlango ubao uliochongwa maua na majani. Ghorofani kulikuwa na roshani yenye vyuma vilivyokunjwakunjwa, na kwenye paji la nyumba, pale juu kabisa panapoficha mteremko wa paa, palikuwa na urembo wa saruji kama taji. Pitieni Rwagasore, pitieni Lumumba, pitieni mitaa inayoteremka kuelekea Makoroboi, muinue macho juu ya mabango ya simu na ya benki. Mtayaona mataji ya namna hiyo, mengine yakiwa na jina la aliyejenga na mwaka aliomaliza. Watu wengi wa Mwanza wamepita chini yake maisha yao yote bila kuyaona, kwa sababu macho yako kwenye bidhaa.

Paa lilikuwa la vigae vyekundu vya Mangalore, vilivyovuka Bahari ya Hindi kutoka pwani ya magharibi ya India. Kila kigae kilikuwa na muhuri wa kiwanda chake kwa chini. Tulipokuwa watoto, kikianguka kimoja tulikuwa tunagombania kipande chenye maandishi. Dari lilikuwa juu sana hata fundi wa kupaka chokaa alihitaji ngazi juu ya ngazi. Kuta zilikuwa za mawe ya papa hapa, ya hii miamba yetu, yaliyopasuliwa kwa moto na nyundo kisha yakashikwa kwa chokaa. Na nyuma, ua wa wazi uliozungukwa na jiko, stoo, choo na vyumba vidogo vitatu. Mchana upepo wa ziwani ulikuwa unaingia kwa mbele, unapita dukani, unatokea uani, bila feni wala kiyoyozi. Leo tunajenga majengo ya vioo vitupu yanayowaka kama tanuri saa nane mchana, halafu tunalalamikia bili ya umeme. Waliojenga nyumba zile walijua upepo unatoka upande gani. Ujuzi huo ni mali ya mji, na haupo kwenye kitabu chochote nilichowahi kupewa kufundishia.

Sasa waliokaa ndani.

Ghorofani ilikaa familia ya mwenye nyumba, Wahindi waliokuwa wanauza vitambaa. Mama yao mzee tulimwita Ba, kama wajukuu zake walivyomwita. Alikuwa anakaa roshanini jioni, anaita kwa Kiswahili chake cha lafudhi ya Kigujarati, na mara nyingine anashusha kikapu kwa kamba ili mtoto mmoja wetu amwekee mkate. Barazani alikaa baba yangu na cherehani yake ya Singer. Hakulipa kodi ya baraza. Wateja walionunua kitambaa dukani walikuwa wanamgeukia yeye awashonee. Msimu wa pamba ulipofika, wakulima wa kutoka Magu, Misungwi na Kwimba walikuja na fedha mkononi, na baba alikuwa anashona mpaka usiku kwa mwanga wa karabai. Chumba cha kwanza cha uani tulikaa sisi. Cha pili alikaa mpishi wao, mzee wa Kimanyema. Cha tatu kilikuwa cha vijana wa kubeba mizigo bandarini, Wakerewe, na sidhani kama waliwahi kupungua wanne kwa wakati mmoja. Ua ule ulikuwa na lugha sita hivi. Mama yangu alisongea ugali jiko lilelile lililokuwa linakaangiwa furu na kupikiwa dengu.

Sisemi kwamba tulikuwa sawa. Hatukuwa sawa. Waliokaa juu walikuwa juu, na sisi tulikuwa chini, na choo chetu hakikuwa choo chao. Mji wenyewe wakoloni waliupanga kwa rangi: Uzunguni huko Capri Point kwenye upepo mzuri, Uhindini katikati kwenye maduka, Uswahilini pembeni. Nyumba ile ilikuwa na mpango huo wote ndani ya kuta zake nne. Ndiyo maana nasema ichorwe pamoja na uani. Ukimwonyesha mtoto mchoro wa nyumba ile, ukamwonyesha ngazi ya kupanda juu na mlango wa nyuma wa watumishi, utakuwa umemfundisha ukoloni vizuri kuliko nilivyowahi kuufundisha kwa chaki.

Mwaka 1971, tarehe 22 Aprili, ikatoka sheria ya kutaifisha majengo. Nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo mwenyewe hakuzikalia zote zikawa mali ya taifa, na zile zilizozidi miaka kumi hazikuwa na fidia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka Ba hakutoka roshanini siku mbili. Baba yangu alikuwa mtu wa Azimio la Arusha kwelikweli, aliunga mkono na hakuwahi kubadili kauli, ila asubuhi ile aliacha cherehani akapanda juu kuwapa pole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla, maana kule juu hakuwahi kukaribishwa. Miezi michache baadaye wakaondoka. Ba alimpa mama sufuria zake mbili za shaba na akalia.

Nyumba ikawa ya Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia majengo yaliyotaifishwa. Wakaja wapangaji wapya ghorofani: karani wa reli na familia yake, baadaye nesi wa Bugando, hospitali ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa mwaka uleule wa 1971. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo nyumba moja ya duka, katika umri wa mtu mmoja, imekuwa ya mfanyabiashara, ya taifa, ya shirika, na mwishoni ya yule aliyeivunja. Kila alipobadilika mwenyewe, faili lilihama na kitu kikabaki nyuma. Majina ya wapangaji hayakuhama hata mara moja.

Najua mtaniuliza: mwalimu, mji wenyewe una umri gani hata tuuite wa kihistoria? Swali hilo nimeulizwa na ofisa mmoja, katika ofisi ambayo nayo sitaitaja, nilipokwenda kuuliza kama kuna orodha yoyote. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba ya kale ni Kilwa na Bagamoyo. Nikarudi nyumbani nikaisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na nikaelewa jibu lake limetoka wapi. Sheria ile inahesabu kuwa ya kale kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mwanza kama mji ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892. Kwa kipimo hicho, mji wetu mzima, kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, umezaliwa umechelewa. Hakuna ukuta hata mmoja unaolindwa kwa umri wake tu.

Lakini sheria hiyohiyo imeacha milango miwili wazi, na naomba mniwie radhi nikiwasomea kama darasani. Mlango wa kwanza ni waziri: anaweza kulitangaza jengo au eneo kuwa la kuhifadhiwa hata kama ni la baada ya 1863. Hawezi kutangaza asichokijua, kwa hiyo pasipo orodha inayotoka huku chini, mlango huo ni wa kuchorwa ukutani. Wa pili ni mlango halisi. Sheria inavitaja kwa jina milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, na inavihesabu kuwa vitu vinavyolindwa. Mlango uliopakiwa kwenye fuso usiku ule ulikuwa na mbao za namna hiyo. Kama ulichongwa kabla ya 1940 au baada yake, sasa hatutajua kamwe, kwa kuwa hakuna aliyeutazama kabla haujaondoka. Mingapi imebaki? Mimi, kwa miguu yangu na daftari, nimehesabu iliyo kumi na saba katikati ya mji. Sijaingia kwenye nyua, na macho yangu si ya mtaalamu.

Tena kuchelewa kuzaliwa si kukosa historia. Miaka 1892 hadi leo ni michache, ila imebeba mengi. Mwanzoni mzigo wa Mwanza ulikuwa unatoka kwa meli kwenda Kisumu, reli ilikofika 1901, kisha Mombasa. Julai 1916 Waingereza wakauchukua mji kutoka kwa Wajerumani. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika, na Mwanza ikawa mlango wa pamba ya Usukumani kwenda Dar es Salaam. Angalieni kota za reli, angalieni maghala, angalieni maduka ya ghorofa moja yaliyofuata: ni pamba iliyogeuka mawe na saruji. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa shirikisho chini ya Paul Bomani, na biashara ya pamba ikaanza kuhama mikono, na kuhama huko nako kunaonekana kwenye majengo, maana ya miaka ya hamsini yana mistari minyoofu, vivuli vya saruji juu ya madirisha na tofali za maua za kupitisha hewa. Mwenye jicho anasoma mtaa kama anavyosoma kitabu. Kila nyumba inayovunjwa bila kuandikwa ni kurasa zimechanwa, na zinachanwa katikati, si mwishoni.

Lile jumba la Wajerumani juu ya kilima cha mawe, linalohusishwa na Theodor Gunzert aliyekuwa mkuu wa wilaya wakati wao, linajulikana na kila mwenye kuongoza wageni. Lina haki yake. Ningependa lishughulikiwe lisiendelee kuliwa na jua na mvua. Ila nisiwafiche: nikiambiwa nichague pa kuanzia, sitaanzia kule juu. Nyumba ya mtawala ina bahati ya kukumbukwa hata ikianguka. Nitaanzia chini, kwenye maduka, na zaidi ya hapo nitaanzia kwenye nyumba ambazo hakuna mtu anayezitaja kabisa.

Nazungumzia nyumba ya Kiswahili. Mnaijua, pengine mmekulia humo: mlango katikati, baraza la kukaa wazee, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja uani, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Za zamani zilikuwa za fito na udongo, zikaezekwa nyasi au madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, baadaye zikapata bati na lipu. Kirumba zilikuwepo nyingi, na Mlango Mmoja, na pembeni mwa Mto Mirongo. Hakuna mchoraji wa majengo aliyezichora, fundi alizipima kwa hatua. Humo ndimo walimokaa walioujenga mji: Wasukuma waliotoka vijijini, Wahaya, Wajaluo, Waganda, Wanyamwezi, Wamanyema, kila chumba kabila lake na ukumbi wa wote. Msiba ukitokea chumba kimoja, matanga yalikuwa ya nyumba nzima. Kiswahili cha Mwanza, hiki chenye mwendo wa Kisukuma ndani yake, kimepikwa kwenye kumbi zile. Zinaondoka kwa kasi kuliko nyumba za mawe, na zikiondoka hazibakizi hata jiwe la kuuza.

Mtasema ardhi ya mjini ni ghali, nyumba nyingine ni hatari, na jiji haliwezi kugeuzwa makumbusho. Nakubali karibu yote. Zipo nyumba zilizopasuka kiasi kwamba kumwacha mtu alale humo ni dhambi. Zipo ambazo mwenyewe ni mjane hana chochote isipokuwa kiwanja hicho, na mimi sitamwambia asiuze. Siombi kila ukuta usimame. Nyingine zinaweza kubaki uso wake wa barabarani na baraza lake, ghorofa zikapanda kwa nyuma. Nyingine zivunjwe tu, lakini zikiwa zimeshaandikwa. Kuandika hakumzuii mtu kujenga. Kunachukua siku mbili au tatu za watu wenye futi, kamera na subira.

Kuna jambo dogo la ufundi ambalo nalo nawaomba mlitazame, kwa sababu linaua nyumba nyingi kuliko kijiko. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Unanyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa kiangazi. Fundi wa leo akiletwa kuukarabati, anapiga lipu ya saruji ngumu juu yake na rangi ya mafuta. Unyevu unanaswa ndani, chumvi inasukuma, lipu inavimba na kudondoka kwa vipande vikubwa, kisha watu wanasema nyumba imechoka, ibomolewe. Hiyo nyumba imenyimwa hewa. Mwashi mzee aliyenifafanulia haya bado yupo hai hapa mjini, na bado anajua kuchanganya chokaa. Vyuo vyetu vya ufundi vingemwita hata kwa wiki moja, wakati bado ana nguvu ya kushika mwiko.

Wenzetu wameanza. Iringa wamelichukua jengo la Wajerumani la kabla ya vita ile ya kwanza, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa yanayoeleza maisha ya watu wa kule. Arusha, boma lao ni makumbusho. Dar es Salaam wana kituo cha urithi wa majengo ndani ya Boma la Kale, ambako unaweza kuona jinsi jiji lilivyokua mtaa kwa mtaa. Sisi tuna Bujora, ambako nyumba na ngoma za Wasukuma zimehifadhiwa kwa heshima, na kila mwaka nilipeleka wanafunzi wangu. Lakini Bujora ni ya mashambani. Mtoto wa Pamba au wa Igogo hana mahali pa kwenda kuiona historia ya mtaa wake mwenyewe.

Ninyi ndio mamlaka ya upangaji. Hakuna kinachojengwa wala kubomolewa kihalali bila kupita mezani kwenu. Ongezeni ukurasa mmoja tu katika maombi ya kibali: nyumba hii ilijengwa lini, kwa vifaa gani, ina mlango wa kuchongwa au haina, walikaa akina nani. Ukurasa huo usipojazwa, kibali kisubiri. Wanafunzi wa historia na wa ujenzi wanatafuta kazi za vitendo kila mwaka, wapewe hii. Wazee wapo, wanakaa barazani kuanzia saa kumi jioni, na wanapenda kuulizwa. Ila wanapungua. Katika ua wetu ule wa lugha sita, tuliobaki hai ninaowajua ni watatu.

Mimi nimeshaanza sehemu yangu. Nimechora ramani ya nyumba ile kwa kumbukumbu, chumba kwa chumba, nikaandika majina thelathini na moja ya watu waliokaa humo tangu nipate akili mpaka nilipoolewa. Pale nisipokumbuka jina nimeandika kazi ya mtu na kabila lake. Mjukuu mmoja wa Ba, anayeishi Kanada, amenitumia kwa simu picha ya harusi iliyopigwa barazani. Baba yangu anaonekana pembeni, mkono juu ya cherehani, na nyuma yake mlango wote unaonekana vizuri, ua kwa ua.

Daftari na picha viko nyumbani kwangu. Nitavileta ofisini siku yoyote mtakayonipangia, na kama mtanipa ofisa mmoja kijana mwenye viatu vya kutembelea, nitampeleka kwenye milango ile kumi na saba kabla mvua za vuli hazijaanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa Mwanza